Kupima leptini ukiwa Dodoma: Elisa, mionzi au shanga?

"Shikamoo mama. Nina watu 120 na fedha za kupima mara moja tu. Nichukue Elisa, au nitafute mashine ya Luminex?"

"Marahaba mwanangu. Unampima nani?"

Mazungumzo ya namna hii huwa nayo kila mwaka, wanafunzi wa uzamili wanapomaliza kutetea mapendekezo yao ya utafiti na kuanza kuhesabu fedha. Elisa ni kipimo cha kingamwili kinachosomwa kwa rangi, na Luminex ni mashine inayosoma homoni zilizonaswa juu ya shanga ndogo mno. Wengi huja wameshachagua mashine, lakini hawajaamua wanampima nani, saa ngapi, na damu italala wapi kabla ya kufika maabara. Mimi huanzia huko, kwa sababu kipimo kinachomfaa mama mnene wa Area D kinaweza kushindwa kabisa kumwona mtoto aliyekonda wa Bahi.

Kwa asiyeifahamu, leptini ni homoni, protini ndogo yenye uzito wa takriban kilodaltoni 16, inayotengenezwa zaidi na seli za mafuta. Husafiri na damu hadi kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, na kupeleka habari kwamba kihenge kina akiba. Mafuta yakipungua, leptini hushuka na njaa hupanda. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Kabla ya hapo Douglas Coleman alikuwa ameunganisha mizunguko ya damu ya panya wawili wawili na kuonyesha kuwa ndani ya damu kuna kitu kinacholeta shibe. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki leptos, lenye maana ya embamba.

Jambo la kushika hapa ni upana wa viwango vyake. Mwanamume mwembamba anaweza kuwa na nanogramu 1 hadi 5 kwa mililita. Mwanamke wa uzito wa kawaida huwa na mara mbili au tatu ya hizo. Mtu mnene sana hupita 50, na wapo wanaokaribia 100. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa chini ya 1. Mkoa wetu unao wote hao, pengine ndani ya familia moja: bibi kijijini anayekula ugali wa uwele na mlenda na kutembea kilomita kadhaa kwa siku, na mjukuu wake anayekaa ofisini mjini kutwa nzima. Ukiwaweka wote kwenye utafiti mmoja, njia unayochagua lazima iweze kusoma pembe zote mbili.

Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa wengi wanaopima leptini ya binadamu hapa Dodoma, Elisa ndiyo njia ya kuchukua. Shanga za Luminex nazichagua pale damu ni kidogo mno au homoni za kupimwa ni nyingi. Kipimo cha mionzi nakiheshimu sana, ila nimwambie mtu akianzishe leo ni lazima awe na sababu maalumu, na sababu hiyo mara nyingi ina miguu minne.

Elisa kwa karibu

Elisa ilianza mwaka 1971 mikononi mwa Eva Engvall na Peter Perlmann kule Stockholm. Ya leptini hufanya kazi kwa kubana homoni katikati. Pleti ya plastiki ina visima 96, na kila kisima kimepakwa kingamwili inayoishika leptini. Unaweka sampuli, leptini inanasa, unaosha. Unaweka kingamwili ya pili inayoishika leptini upande wake mwingine, unaosha tena. Kingamwili hiyo ya pili hubeba kimeng'enya, ama moja kwa moja ama kupitia kiunganishi kiitwacho biotini. Mwisho unatia kimiminika cha TMB, kinachobadilika rangi kikikutana na kimeng'enya hicho, na hapo ndipo utaona kazi ya mikono yako: visima vinaanza kuwa vya buluu, vingine upesi, vingine polepole. Ukitia asidi, buluu inageuka njano papo hapo. Njano iliyokolea ni leptini nyingi, njano hafifu ni leptini kidogo, na mashine inasoma ukolevu huo kwenye nanomita 450.

Faida yake kubwa kwetu ni kwamba mashine ya kusomea haina ugeni. Maabara yoyote iliyowahi kufanya Elisa ya homa ya ini au ya virusi vingine inayo, na watu wa kuiendesha wapo. Huhitaji kuagiza mtambo, unaagiza vitendanishi tu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo fedha hupotea. Visima 96 si watu 96. Viwango vya kuchorea mchoro, yaani vimiminika vyenye leptini ya kiasi kinachojulikana, pamoja na sifuri, huwa vinane, kila kimoja mara mbili: visima 16. Sampuli mbili za udhibiti, za kukagua kipimo chenyewe, kila moja mara mbili: vinne. Vinabaki 76, na kila mtu anapimwa mara mbili, kwa hiyo pleti moja inabeba watu 38. Pleti tatu ni watu 114. Yule mwenye watu 120 atanunua pleti ya nne kwa ajili ya watu sita. Hilo lilipaswa kuonekana siku ya kukokotoa ukubwa wa sampuli. Ama ashuke hadi 114 kama nguvu ya takwimu inaruhusu, ama apande kuelekea 152 wanaotoshea kwenye pleti nne.

Usipunguze gharama kwa kupima kila mtu mara moja. Visima viwili vya mtu mmoja vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15 unajua kuna kitu kimeharibika. Ukiwa na kimoja hujui lolote, na namba mbaya itakaa kwenye jedwali lako imetulia kama namba nzuri.

Elisa zenyewe nazo hazilingani. Zipo seti zinazotaka mikrolita 25 za seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, bila kuzimua, na mchoro wake unaanzia karibu nanogramu 0.5 hadi 100. Hizo ni nzuri kwa watu wazima mchanganyiko. Zipo nyingine ambazo mchoro wake unaanzia pikogramu 15.6 hadi 1,000, na mwongozo unasema uzimue sampuli mara 100 kwanza. Kwa haraka utadhani hii ya pili ndiyo kali zaidi kwa viwango vya chini, kwa kuwa 15.6 ni ndogo. Fanya hesabu: 15.6 mara 100 ni pikogramu 1,560, yaani nanogramu 1.56. Hiyo ndiyo sakafu yako halisi. Mtoto mwenye nanogramu 0.4 hataonekana kabisa. Lakini ukimzimua mara 10 tu, sakafu inashuka hadi nanogramu 0.156 na mtoto anaonekana vizuri. Kwa hiyo seti ya pili inaweza kuwa bora kwa waliokonda, kwa sharti kwamba wewe ndiye unayepanga uzimuaji na umehakiki mapema. Chukua sampuli mbili tatu, izimue kila moja mara 10, 20, 50 na 100, kisha uone kama ukizidisha unarudi kwenye jibu lile lile. Zikikubaliana, endelea. Zisipokubaliana, kuna kitu ndani ya seramu kinachosumbua kipimo, na ni afadhali kukijua kwenye sampuli tatu kuliko kwenye 114.

Hewa ya hapa nayo ina neno. Miongozo ya vitendanishi imeandikwa na watu wanaodhani joto la chumba ni nyuzi 20 hadi 25. Oktoba ya Dodoma, saa nane mchana, chumba kisicho na kiyoyozi hakipo huko. Nakumbuka pleti niliyoiacha mezani karibu na dirisha kwa saa mbili, nimeifunika kwa kifuniko chake cha plastiki badala ya karatasi ya gundi. Nje upepo mkavu unavuma, vumbi jekundu limejaa. Niliposoma, visima vya pembeni vyote vilikuwa na rangi nzito kuliko vya katikati. Sampuli ya udhibiti iliyokuwa safu ya kwanza ilipanda, na ile ile iliyokuwa safu ya sita ilikuwa sawa. Maji yalikuwa yameanza kukauka pembeni, na visima vya pembeni vilipata joto mapema. Pleti nzima ilitupwa. Tangu hapo nafanya Elisa asubuhi, vitendanishi navitoa kwenye jokofu mapema hadi vifikie joto la chumba, pleti naibandika karatasi ya gundi kila hatua, na naiweka ndani ya kisanduku chenye kitambaa chenye unyevu. Kipimajoto kipo mezani, na joto naliandika kwenye daftari.

Mionzi

Njia hii ndiyo mama yao wote. Rosalyn Yalow na Solomon Berson waliianzisha miaka ya 1950 kwa kupima insulini, na Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Vipimo vya mwanzo vya leptini vilivyouzwa kwa watafiti, miaka ya 1990, vilikuwa vya namna hii, ndiyo maana ukisoma makala za wakati huo utaviona kila mahali.

Hapa homoni haibanwi, inagombania nafasi. Chukua daladala lenye viti vichache: leptini ya sampuli na leptini iliyotiwa iodini 125 zote zinataka kukaa. Sampuli yenye leptini nyingi inajaza viti, na yenye mionzi inabaki nje. Kwa hiyo mionzi ikisomeka kidogo, leptini ni nyingi. Ni njia thabiti, haisumbuliwi na rangi ya seramu iliyochafuka kwa mafuta, na haina kimeng'enya cha kuharibiwa na joto.

Tatizo lake kwetu ni safari. Iodini 125 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 60 hivi. Mzigo uliokwama bandarini au uwanja wa ndege kwa wiki nne umeshakula sehemu kubwa ya muda wake wa matumizi kabla hujaufungua. Unahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chumba chake, mtu aliyefunzwa, mashine ya kuhesabu mionzi ya gama, sentrifuji yenye ubaridi, na mpango wa kuhifadhi taka hadi zipoe. Kazi yenyewe inachukua siku mbili hadi tatu kwa sababu mchanganyiko hulala kwenye jokofu. Kwa tasnifu ya uzamili yenye miezi michache ya kazi ya maabara, sioni kwa nini mtu ajibebeshe hayo.

Isipokuwa anapima mbuzi. Kingamwili nyingi za Elisa ya binadamu haziitambui leptini ya mbuzi au ng'ombe ipasavyo, na ukizitumia utapata sifuri tupu au namba zisizo na maana. Kipimo cha mionzi cha spishi nyingi kimetumika kwa mifugo kwa miaka mingi, kwa kuwa kingamwili yake inashika leptini za wanyama mbalimbali, ingawa si kwa nguvu sawa. Anayefanya kazi ya lishe ya mifugo kule Mpwapwa au Kongwa aulize kwanza kama ipo Elisa iliyotengenezwa kwa spishi yake na iliyohakikiwa kwa spishi hiyo. Ikikosekana, hapo ndipo mionzi inapoingia. Kwa mifugo, jina "leptini" kwenye boksi halitoshi, soma boksi linasema leptini ya nani.

Shanga

Luminex ni Elisa iliyohamishwa kutoka ukuta wa kisima hadi juu ya shanga ndogo mno, za mikromita tano sita hivi. Kila kundi la shanga limepakwa mchanganyiko wake wa rangi mbili, kwa hiyo mashine inalitambua: hili ni la leptini, lile la insulini, lile la greleni, homoni ya njaa. Mwanga mmoja unasoma shanga ni ya nani, mwingine unasoma imenasa kiasi gani. Kisima kimoja, mikrolita 25 hivi za sampuli, majibu kumi.

Kwa mtoto mchanga ambaye mzazi wake amekubali kwa shida utoe mililita moja ya damu, hili ni jambo kubwa. Elisa tano tofauti, kila moja mara mbili, zingemaliza seramu yote. Shanga zinaacha akiba.

Lakini nimeona watu wakivutwa na wingi wa majibu bila kuangalia yanakaa vipi pamoja. Mfano ulio wazi ni adiponektini, homoni nyingine ya mafuta ambayo kila mtu anataka kuiweka kando ya leptini ili apate uwiano wake. Adiponektini huwa kwenye damu kwa mikrogramu, leptini kwa nanogramu, tofauti ya kama mara elfu moja. Uzimuaji unaoifaa moja unaipoteza nyingine. Kwa hiyo karibu kila mara utazikuta kwenye paneli mbili tofauti, yaani seti mbili za shanga, pleti mbili, gharama mbili. Aliyechagua shanga kwa ajili ya hizo mbili tu hajaokoa kitu, Elisa mbili zingemfikisha. Greleni nayo ni dhaifu: inataka kizuizi cha vimeng'enya mara tu damu ikitoka, na plazima yake itiwe asidi. Kama damu yako ilikusanywa kwa chupa za kawaida, jibu la greleni kwenye paneli litatoka, ila halitakuwa jibu.

Halafu kuna swali la mashine iko wapi. Kama si karibu nawe, sampuli zitasafiri. Kwenda Dar es Salaam si kazi ngumu kama zamani: tangu 2024 treni ya mwendokasi inakufikisha kwa saa nne hivi, na boksi lenye barafu kavu au vipande vya barafu vilivyoganda sawasawa linavumilia muda huo. Ufungashaji uwe wa tabaka tatu, chombo cha kwanza kisichovuja, cha pili kisichovuja, na boksi gumu la nje, na mzigo uwekwe lebo yake. Sampuli zikivuka mpaka wa nchi, jambo linabadilika: unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha maadili kinachosema wazi kuwa zitatoka nje. Kama ridhaa uliyomsomea mshiriki haikutaja hilo, huwezi kuliongeza kimyakimya baadaye. Wanafunzi wamechelewa kuhitimu kwa sababu hiyo moja.

Umeme ukikatika

Naliweka jambo hili peke yake kwa kuwa halimo kwenye jedwali lolote la ulinganisho nililowahi kuona, na kwetu lina uzito kuliko mengi yaliyomo.

Elisa ina dakika zake mbaya. Ukishatia asidi, una kama dakika 15 za kusoma kabla rangi haijaanza kuyumba. Umeme ukikatika hapo, na mashine haina betri ya akiba, pleti imekwenda na sampuli zake. Kwa hiyo kabla sijatia TMB nahakikisha UPS imejaa, mashine imeshawashwa na imeshapasha taa yake, na aliyeko zamu ya jenereta anajua nimo kwenye dakika 30 za mwisho. Asidi naitia kwa mpangilio ule ule niliotumia kutia TMB, kisima kwa kisima, ili kila kimoja kipate muda sawa.

Shanga zina subira zaidi. Miongozo mingi inaruhusu pleti iliyokamilika ifunikwe, iwekwe kwenye jokofu gizani, na isomwe kesho yake. Mionzi nayo haiendi popote ndani ya siku moja, unaweza kuhesabu jioni au asubuhi. Kama unafanya kazi mahali ambapo umeme si wa uhakika na UPS hakuna, hoja hii peke yake inaweza kugeuza uamuzi.

Namba haziongei lugha moja

Mtu aliyepima wagonjwa 60 kwa Elisa mwaka jana na anataka kumalizia 54 kwa shanga mwaka huu, namkataza. Kingamwili ni tofauti, viwango vya kulinganishia ni tofauti, na leptini ya mtu yule yule inaweza kutoka 12 hapa na 17 kule bila yeyote kukosea. Sehemu ya leptini kwenye damu imeshikana na kipokezi kinachoelea, yaani protini ya kuipokea homoni hiyo, hasa kwa watu wembamba, na kila seti inaiona sehemu hiyo kwa kiwango chake. Tofauti inakuwa mbaya zaidi kwenye namba ndogo. Usichukue kikomo cha kawaida kutoka makala iliyotumia njia nyingine ukakipachika kwa watu wako.

Hata ndani ya njia moja, agiza pleti zote za toleo moja, namba ya lot iwe moja. Changanya wagonjwa na wasio wagonjwa kwenye kila pleti. Nimeletewa kazi ambayo wanene wote walikuwa pleti ya kwanza na wembamba wote pleti ya pili, na hakukuwa na njia ya kujua tofauti ni ya mafuta au ya pleti. Tengeneza pia seramu yako ya mchanganyiko, igawe kwenye vichupa vidogo, weka kichupa kimoja kwenye kila pleti. Hiyo ndiyo shahidi yako.

Chupa nyekundu au ya zambarau, asubuhi au mchana

Kwa leptini, seramu ya chupa ya kifuniko chekundu na plazima ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) ya kifuniko cha zambarau zote hufaa, mradi mwongozo wa seti unairuhusu na umechagua moja kwa watu wote. Mimi huchukua seramu kwa leptini pekee. Nikijua kuna homoni nyingine zitapimwa, naangalia ile iliyo dhaifu kuliko zote na kuifuata hiyo. Insulini, kwa mfano, huharibiwa na damu iliyopasuka, kwa hiyo seramu yenye wekundu naiweka kando. Leptini yenyewe ni imara kuliko wenzake wengi, inavumilia kugandishwa na kuyeyushwa mara chache. Hilo lisikufanye uizoee. Gawa kwenye vichupa siku ile ile.

Saa ya kutoa damu ina uzito kuliko rangi ya kifuniko. Leptini hupanda usiku, ikifika kilele kuanzia usiku wa manane kuelekea alfajiri, na huwa chini zaidi mchana. Mtu aliyetolewa damu saa mbili asubuhi na mwingine saa nane mchana hawalinganishwi. Panga wote kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, wakiwa hawajala tangu usiku, na uandike saa halisi kwenye fomu. Mdundo huo hufuata saa za kula: utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa ukisogeza milo kwa saa sita na nusu, mdundo wa leptini nao husogea kwa saa tano hadi saba. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani nasimamisha ukusanyaji, la sivyo waliofunga na wasiofunga watakuwa na saa mbili tofauti ndani ya miili yao.

Andika pia jinsia, ujauzito na hali ya figo. Kondo la nyuma hutengeneza leptini, kwa hiyo mjamzito hupanda. Figo ndizo zinazoiondoa, kwa hiyo mgonjwa wa figo naye hupanda bila kunenepa. Kwa anayekusanya sampuli Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako upandikizaji wa figo unafanyika tangu 2018, kupima kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, sambamba si anasa.

Nani achukue ipi

Watoto wenye utapiamlo: Elisa yenye sakafu ya chini iliyohakikiwa kwa uzimuaji mdogo, au shanga kama damu ni kidogo na unataka homoni zaidi ya tatu. Hapa usahihi wa namba ndogo ni suala la maisha. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2014 ulihusisha leptini ya chini kwa watoto wenye utapiamlo mkali na hatari ya kufariki. Kuandika "chini ya kiwango" kwa nusu ya watoto ni kutupa habari iliyotafutwa.

Watu wazima wa kliniki ya kisukari au shinikizo la damu, na leptini pekee: Elisa yenye mchoro mpana, bila kuzimua. Isikuchukulie hata dakika tano kuamua.

Mbuzi na ng'ombe nimeshasema.

Mgonjwa mmoja mmoja: mara chache daktari huleta chupa moja akitaka kujua leptini ya mtu anayetaka kupungua uzito. Namwambia kwa heshima, tusipime. Nitatumia visima 20 vya viwango na udhibiti kwa ajili ya visima viwili vya mgonjwa, na jibu, ambalo karibu hakika litakuwa juu kwa kuwa mgonjwa ni mnene, halitabadilisha tiba yake. Ubaguzi ni mtoto anayenenepa kupita kiasi tangu miezi ya mwanzo na hashibi kamwe. Kwake leptini isiyoonekana kabisa ni dalili ya ugonjwa wa jeni ulioelezwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1997, na una tiba ya leptini ya kutengenezwa. Hata hapo kuna mtego: mwaka 2015 iliripotiwa habari ya mtoto ambaye leptini yake ilisomeka kwa wingi, lakini ilikuwa na kasoro na haikuweza kufanya kazi kwenye kipokezi. Elisa, mionzi na shanga zote zinatambua umbo la homoni, hazitambui kama inafanya kazi. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kusomwa jeni, hata kama leptini yake imetoka nzuri.

Yule mwanafunzi wa watu 120 alikuwa anapima watu wazima, wanawake kwa wanaume, leptini peke yake. Kesho yake alinitumia ujumbe: watu 114, Elisa isiyozimuliwa, pleti tatu za lot moja, chupa nyekundu, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Nikamwuliza anaanza kukusanya lini. Akajibu tarehe, nikafungua kalenda, ikawa inaangukia wiki ya pili ya mfungo. Amesogeza mbele.